Kadi Tano za Mwenyekiti

Katika Kitengela nzima hakukuwa na mtu aliyeieleza barabara ya juu ya Nairobi vizuri kama Mbaluka, na Mbaluka hakuwa ameipita hata mara moja. Aliieleza kwa kinyozi, akaieleza kanisani baada ya ibada, akaieleza kwenye matanga ya watu asiowajua. Serikali imetuchezea, angesema, akizungusha ufunguo wa Prado kwenye kidole; ushuru tulishalipa, na sasa tunaambiwa tulipe tena kupita hewani. Wazee walitikisa vichwa. Mwenye gari kubwa husikilizwa hata akisema upuuzi, na hapa kwetu gari kubwa hununuliwa kwa kuuza shamba, mara nyingine shamba la mtu mwingine.

Kamene alimsikiliza siku moja tu, akaenda zake. Yeye barabara hiyo aliipita mara tatu kwa wiki akiendesha kanta, lori dogo la vitunguu, kutoka Kimana kupitia Kajiado mpaka masoko ya Nairobi. Alijua ushuru wa mazao unalipwa wapi na risiti yake inaombwa wapi. Alijua kwamba ukilipia maegesho kwa simu usitoke garini kabla ujumbe haujafika, maana gurudumu likishafungwa mnyororo hakuna atakayesikiliza habari za mtandao. Na barabara ya juu aliijua kama jiko lake. Ukiingia unapewa kadi, hulipi kitu. Ukitoka ndipo unalipa, kwa kadiri ya ulikoingilia na ukubwa wa gari lako. Ukipoteza kadi unahesabiwa umetoka mwisho kabisa wa barabara, na kadi yenyewe unailipia. Hilo la mwisho alifunzwa na upepo, uliompokonya kadi mkononi dirisha likiwa wazi. Tangu siku hiyo kadi yake ilikaa ndani ya sidiria.

Huyu Mbaluka alikuwa shemeji yake, na hapo ndipo penye kidonda.

Marehemu mumewe, Musila, alikuwa fundi wa mawe, mtu mpole, mdogo wake Mbaluka. Walikaa pamoja miaka kumi na mmoja kwenye kiwanja nje kidogo ya Kajiado, vyumba viwili walivyovijenga wenyewe Jumapili baada ya Jumapili. Jambo moja Musila hakulifanya. Kwa Wakamba, mwanamke huwa mke siku mbuzi watatu wa ntheo wanapopelekwa kwao. Mengine yote, hata ng'ombe, hata arusi ya kanisani, hufuata nyuma ya mbuzi hao. Musila kila mwaka alisema mwaka ujao. Mara ukame, mara karo, mara saruji imepanda. Kisha siku moja jukwaa la ujenzi likavunjika akiwa juu yake, na miaka yote ijayo ikaisha palepale.

Siku ya mazishi, chifu alipouliza mjane ni nani, Kamene alisimama akiwa amemshika mtoto mkono. Mbaluka naye akasimama. Alikuwa amevaa koti la kuazima na sauti yake mwenyewe. Akauliza mbele ya waombolezaji wote, "Mbuzi wake wako wapi? Nani hapa aliwaona?"

Hakuna aliyewaona, kwa sababu hawakuwapo. Mwaka haukuisha kiwanja kikauzwa. Mbaluka akanunua gari lake la kwanza, na Kamene akahamia chumba cha kupanga Noonkopir, hapo Kitengela, yeye, godoro moja, na Mutinda wa miaka minane. Alibeba magunia sokoni. Akaosha magari. Halafu akajifunza kuyaendesha, wanaume wakicheka kila injini ilipozima, na aliyecheka zaidi leo huendesha bodaboda ya kukodi. Kwa miaka kumi na minane hakumtukana Mbaluka hadharani, na siri ya ustahimilivu huo ilikuwa kwamba alimtukana kila siku ndani ya kanta, dirisha likiwa limefungwa.

Basi Mutinda alipokua, akapata kazi, akapata na Judy, binti wa Mzee Mugo wa Kinoo, Kamene alimwambia neno moja tu: mbuzi kwanza. Hata kama kwao Judy ni Wakikuyu na wana taratibu zao, mbuzi watatu watafika, na watu watawaona kwa macho. Hakuna mtu atakayesimama kaburini kumuuliza Judy swali.

Lakini mbuzi hawaendi na mama peke yake. Wanapelekwa na wanaume wa ukoo wa baba, na mkubwa wa ukoo alikuwa nani kama si Mbaluka? Kamene alimeza mate machungu, akachukua kilo nne za sukari, akaenda kwake kuomba. Alikubaliwa kabla hajakaa. Uenyekiti Mbaluka hakuwahi kuukataa, hata ungekuwa wa kamati ya kuchimba choo.

Safari ya kwanza aliiharibu vizuri. Alikataa kulipa barabara ya juu kwa sababu za kizalendo, msafara ukapita chini, ukalala kwenye foleni, ukafika Kinoo saa tisa alasiri wakati chakula cha saa sita kimepoa na wazee wa Mzee Mugo wamekasirika. Mugo, mfanyabiashara mstaafu wa mbao, mtu wa maneno machache na saa kubwa ya mkononi, aliwapokea langoni bila kulifungua.

"Mimi sina ubaya na nyinyi," aliwaambia. "Rudini Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Lango langu litafungwa saa sita kamili. Mkichelewa tena, nitajua hamtaki msichana wangu, na mimi sitawasukumia."

Judy alikuwa dirishani na alisikia. Kamene alijua kwamba hapangekuwa na safari ya tatu.

Kamati ilikutana hotelini Noonkopir, chai na mandazi kwa gharama ya mama wa kijana. Safari hii Mbaluka alikubali kupita juu, tena akaligeuza likawa wazo lake.

"Mwenyekiti," Kamene alisema, "kila gari ichukue kadi yake na ilipe yenyewe ikishuka. Hakuna kitu kingine. Ni rahisi."

"Mama Mutinda," Mbaluka alijibu, akilowesha andazi, "wewe ni dereva wa vitunguu, na tunakuheshimu. Lakini hii ni delegation. Delegation hailipilipi kila mtu kivyake kama watu wa soko. Kadi zote zitakuja kwa bahasha ya mwenyekiti, mwenyekiti alipe pamoja, apewe risiti moja. Hivyo ndivyo kamati hufanya."

"Lakini kadi inajua gari yake."

"Ati kadi iko na macho!" Mbaluka akawageukia wenzake, nao wakacheka. Walikuwa wanaume watatu: mzee wa kanisa mwenye gari aina ya Probox, na binamu wawili wa Mbaluka ambao hawakuwahi kuwa na wazo lao wenyewe tangu wazaliwe. "Na tena, tukiwa magari tano, lazima watupunguzie. Hiyo wholesale price iko kila mahali."

Watu hawa, michango ya harusi, ya mazishi, ya hospitali, maisha yao yote wameitia kwenye bahasha moja ya kaki na kumpa mtu mmoja mwenye sauti. Walishindwa kabisa kufikiria kitu ambacho hakiwezi kutiwa humo. Asiyejua maana haambiwi maana, na Kamene akanywa chai yake aliyoilipia mwenyewe.

Jumamosi ilipofika alikwenda alfajiri kuchukua mbuzi kwa Naserian, mwenye kanta na mwenye vitunguu, ambaye pia alikuwa na boma upande wa Isinya.

"Takwenya, Mama Mutinda," Naserian alimsalimu.

"Iko," Kamene aliitikia kwa Kimaasai.

"Chukua hawa watatu. Na gari ni yako leo, usiniulize mafuta." Akamshika mbuzi mkubwa pembe akampandisha mwenyewe. "Mbuzi yangu haijawahi kuchelewa mahali. Sijui watu yako."

Kamene alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Saa nne walikuwa Mlolongo, penye mlango wa barabara ya juu. Prado ilitangulia. Mbaluka alipokea kadi, akasonga mbele kidogo, akasimamisha gari pembeni, mahali ambapo kibao kilikataza kusimama kwa maandishi na kwa picha. Akashuka na bahasha. Kila gari lilipopita kibandani alilipungia mkono, akapokea kadi dirishani kama mkusanya sadaka. Askari wa barabara alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamuuma.

Zamu ya kanta ilipofika, Mutinda, aliyekaa kando ya mama yake na suti mpya, alimshika mkono. "Mathe, usimpatie. Si ulisema kila gari na yake?"

"Nikimkatalia atageuza gari hapa hapa," Kamene alisema. "Huyo namjua. Halafu nani atatuongelea kwa kina Judy?"

Akatoa kadi. Alikuwa amejiandaa kwa hasara hiyo tangu jana. Pesa ya kadi iliyopotea ilikuwa tayari kwenye sidiria, mahali pa kadi yenyewe. Mbaluka alitia kadi ya tano kwenye bahasha, akaipigapiga kwa kuridhika. Akaingia garini, akaongoza.

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kule juu mambo yalikwenda vizuri kabisa. Jiji lilipita chini yao na foleni zake, Mbaluka akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu akiwaeleza wenzake walivyo na bahati ya kuwa na kiongozi. Kisha, kabla ya kufika Westlands walikokubaliana kushukia, wazo likamjia. Ikiwa malipo ni kwa umbali, anayeshuka mapema hulipa kidogo. Hakumwambia mtu. Bila kuwasha taa ya kuashiria, Prado ikakata kushoto, ikateremka kwenye njia ya kutokea, na magari manne nyuma yake yakapita moja kwa moja kwa sababu hayakuwa na pa kukatia. Kamene aliliona paa lake likizama chini ya ukingo, na kadi zote tano pamoja nalo.

Yaliyotokea huko Mbaluka aliyasimulia baadaye kwa namna nyingi, lakini mkewe aliyekuwa garini aliyasimulia kwa namna moja, nami namwamini mkewe. Alimpa msichana wa kibandani kadi tano kwa pamoja. "Lipisha hizi zote. Sisi ni msafara, na uangalie vile utatupunguzia."

Msichana aliangalia kadi, akaangalia mashine, akaangalia Prado. "Mzee, hii moja ndio ya hii gari. Hizi zingine ni za gari zingine. Ziko wapi?"

"Zimetangulia."

"Zimetangulia wapi na kadi ziko hapa? Kadi inajua gari yake, mzee. Lipa yako upite, hizo zingine uniachie."

Maneno yaleyale ya hotelini, na bado hakuyasikia. Mtu mzima angelipa yake, akapita, akawapigia wenzake simu. Mbaluka alikataa. Alisema yeye ni mwenyekiti na hatalipia gari moja kama mtu wa kawaida. Akadai mkubwa wa pale. Magari nyuma yakaanza kupiga honi, Prado ikaamriwa pembeni, na huko pembeni akakaa akimngoja mkubwa, bahasha mapajani.

Westlands, magari manne yalifika kwenye vibanda bila kadi hata moja. Mzee wa kanisa akasimama katika njia ya kwanza, binamu katika ya pili na ya tatu, na kanta katika ya nne. Simu ya mzee wa kanisa ikalia, akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie kupitia madirisha.

"Mtu yeyote asilipe!" Mbaluka alikuwa akifoka. "Hata shilingi! Mkilipa mtakuwa mmenivunjia heshima. Ngojeni hapo mpaka nimalizane na hawa watu."

Saa ilikuwa nne na dakika hamsini. Kamene alishuka kwenye kanta, akaenda dirisha hadi dirisha, viatu vya sherehe vikimbana.

"Mzee, lipa twende," alimwambia mzee wa kanisa. "Bila kadi wanakuhesabia umetoka mwisho. Na sisi tumetoka mwisho! Mlolongo ndio mwisho. Ni pesa ile ile ungelipa na kadi, unaongeza tu kidogo ya hiyo kadi."

"Mama Mutinda, mwenyekiti amesema tungoje."

"Mwenyekiti anapigania nini sasa? Niambie kitu moja anapigania."

Mzee wa kanisa alifikiri. Ilionekana wazi kwamba hakujua, na wazi zaidi kwamba kutojua hakukumsumbua. "Ni principle," akasema.

Binamu wa kwanza alisema atafuata mzee wa kanisa. Binamu wa pili alisema atafuata binamu wa kwanza. Nyuma yao Nairobi nzima ilikuwa inapiga honi, na watu walitoa vichwa nje wakawataja mama zao. Wanaume watatu, wenye leseni, wenye pesa mfukoni, wamekaa kwenye magari yanayonguruma, wakingoja ruhusa ya mtu aliyepotea kwa hiari yake. Kamene aliwatazama na hasira ikampanda mpaka masikioni. Halafu ikashuka, na mahali pake pakaja kitu chepesi. Miaka kumi na minane aliwaogopa hawa. Hawa!

Alirudi kwenye kanta, akatia mkono kifuani, akatoa pesa, akalipa ya barabara na ya kadi. Kizuizi kikanyanyuka.

"Mathe," Mutinda alisema, uso umempauka, "tutaenda bila wazee?"

"Mbuzi wako wapi?"

"Nyuma."

"Na bwana arusi?"

"Niko hapa."

"Basi wazee wabaki na kadi."

Akaondoa gari. Kangemi alipita malori mawili kwa njia ambayo singependa trafiki asome. Kinoo walifika saa tano na dakika arobaini na sita, kanta ikiwa na vumbi la Isinya na harufu ya vitunguu vya wiki iliyopita.

Mzee Mugo alikuwa langoni, saa yake mkononi, wazee wawili nyuma yake. Aliangalia kanta, akaangalia barabara tupu nyuma ya kanta.

"Wanaume wenu wako wapi, Mama Mutinda?"

"Wako barabarani, wanabishana na kizuizi."

"Na nani ataongea kwa niaba ya ukoo?"

Kamene alikuwa ametayarisha uongo mzuri njiani. Aliposimama pale, aliuacha.

"Mzee Mugo, huo ukoo ulinikataa nikizika bwana yangu. Walisema mimi si mke kwa sababu mbuzi hawakufika kwetu, na ni kweli hawakufika. Wakachukua nyumba. Mimi sitaki msichana wako aulizwe hiyo swali. Mbuzi ni hawa, watatu, unaweza kuhesabu. Niliwaleta kabla ya saa sita kwa sababu ulisema saa sita. Kama lazima mwanaume aongee, kijana wangu ako na mdomo."

Mmoja wa wazee aliguna kwamba jambo hili halijawahi kuonekana. Mugo alikwenda nyuma ya kanta, akainua turubai, mbuzi wakamtazama. Akatazama saa yake.

"Mimi niliweka saa," akawaambia wenzake. "Wao walileta saa na mbuzi. Fungueni lango."

Mbuzi waliteremshwa mmoja mmoja, wanawake wakiimba, na Kamene alihakikisha kila mtu kwenye ua ule amewaona: wazee, majirani, watoto, mpiga picha. Judy alipotoka alimwangalia Mutinda kwanza, halafu mbuzi, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mumbi, mama yake Judy, alimkumbatia Kamene kwa nguvu hivi kwamba kitambaa kikamwanguka kichwani. Saa sita kamili lango likafungwa. Wazee wakaketi, Mutinda akaongea, na mahali alipokosea mama yake alimkumbusha kwa sauti bila kumwomba mtu ruhusa.

Chakula kilikuwa kimepakuliwa wakati lango lilipogongwa. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Nje kulisikika milango ya magari, na sauti moja ikiwaelekeza wengine jinsi ya kupanga foleni. Mumbi alikwenda kuchungulia, akarudi, akainama karibu na kiti cha Kamene.

"Mama Mutinda, kuna wanaume wanne na wake wao. Mkubwa wao ameshika bahasha, anasema wao ndio wenye kijana. Baba Judy anasema hataki kuingiza watu hajui. Anakuuliza kama unawatambua."

Kamene aliweka kijiko chini. Alilikumbuka koti la kuazima, na chifu, na vile watu wote walivyogeuza macho yao chini, na mkono wa Mutinda mdogo ulivyokuwa na jasho ndani ya mkono wake. Mutinda mkubwa alikuwa upande wa pili wa meza, na yeye alikuwa ameacha kula.

"Waulize," Kamene alisema, "mbuzi wao wako wapi."

Mumbi hakuelewa, lakini alikwenda kuuliza kama alivyotumwa, na kwa kuwa alikuwa mwimbaji wa kanisa, swali lilisikika mpaka jikoni. Kamene akavuta sahani yake karibu, akaomba aongezewe nyama.